Sirari: malisho na kivuko cha mpakani

Sirari ni mji mdogo katika Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania, mpakani na Kenya. Ng'ambo yake uko mji wa Isebania katika Kaunti ya Migori. Barabara kuu kutoka Mwanza hupita Bunda, kisha Makutano katika Wilaya ya Butiama inapochepuka njia ya Musoma, huvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi na kupanda hadi Tarime na Sirari.

Hapa hakuna njia nyembamba kati ya vilele viwili. Ni nyanda za juu zenye kimo cha mita 1,500 hivi na zaidi, zenye mvua nzuri, migomba, mahindi na nyasi. Mpaka unazikata bila kufuata mto wala mlima.

Historia ya mpaka

Mstari huo ulikubaliwa kati ya Uingereza na Ujerumani mwaka 1886. Ulianzia pwani karibu na mdomo wa Mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, ukaishia pale ambapo latitudo ya 1 kusini hukutana na ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Waliouchora walikuwa Ulaya, na ng'ombe wa nani wanalisha wapi halikuwa swali lao. Wakurya waligawanywa: koo za Wakira, Wanyabasi na Wairege zina watu pande zote mbili hadi leo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Uingereza ilitawala pande zote, lakini mstari ulibaki palepale.

Malisho na mifugo

Kwa Wakurya ng'ombe ni mahari, akiba na heshima. Kadiri watu walivyoongezeka mashamba yalimega malisho ya vilimani. Upande wa mashariki, katika miaka ya 1960, eneo la Lamai kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na wafugaji wakazuiwa kulisha humo.

Wizi wa mifugo ni wa zamani, ila mpaka uliubadili. Zamani ng'ombe walioporwa waliingia katika zizi la mporaji. Baadaye wengi walivushwa usiku kwa njia za panya na kuuzwa kwa fedha taslimu. Wenye mali waliofuata nyayo walifika kwenye mpaka wakakwama, kwa kuwa askari wa nchi moja hana mamlaka katika nchi nyingine. Ndiyo sababu mikutano ya wazee, iitwayo iritongo, na vikundi vya sungusungu vilipata nguvu.

Kufungwa na kufunguliwa

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa tena mwishoni mwa 1983. Katika miaka hiyo sabuni na sukari zilikuwa adimu Tanzania, na magendo yalistawi kwenye vijia vilevile vya ng'ombe.

Jumuiya mpya ilianzishwa kwa mkataba wa 1999, na umoja wa forodha ukaanza 2005. Siku hizi Sirari na Isebania zina kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Malori hupita humo. Wachungaji wengi bado hupita penye nyasi.