Mnunuzi mkubwa anapopunguza wauzaji, mfanyabiashara mdogo ajipange vipi?

Na Mwandishi Wetu

Umeme wa jotoardhi umezalishwa Olkaria tangu mwaka wa 1981, na tangu wakati huo wafanyabiashara wengi wa Naivasha na viunga vyake wamepata riziki kwa kuuza bidhaa na huduma kwa mitambo hiyo. Visima huchimbwa hadi kina cha kilomita tatu hivi. Mvuke unaotoka huko hubeba gesi na madini ambayo hula vyuma na kuziba mabomba. Kwa hivyo kila wiki kuna kitu cha kubadilishwa: vali, beringi, pampu, nyaya, boliti, mafuta ya mashine. Wafanyakazi nao huhitaji glavu, helmeti, buti na chakula.

Hata hivyo, kote duniani kampuni za madini na nishati zinabadilisha namna ya kununua vitu hivi. Badala ya kushughulika na mamia ya wauzaji, zinachagua wachache wanaopewa mikataba mirefu. Mabadiliko haya yanaweza kumwacha nje mwenye duka au karakana ndogo, hata kama amekuwa akitoa huduma nzuri.

Kwa nini wanunuzi wafanye hivyo?

Tuchukue mfano. Kampuni ina wauzaji 40 wa vifaa vya usalama, na kila mmoja huagizwa mara moja kwa mwezi. Hizo ni oda 480 kwa mwaka. Kila oda ina hati ya ununuzi, ukaguzi wa mali, ankara na malipo yake. Wauzaji wakiwa wanne, oda zinabaki 48. Kazi ya ofisini inapungua, na anayenunua kwa wingi ana nguvu ya kuomba bei nafuu.

Kuna pia suala la ubora. Vali bandia kwenye bomba la mvuke inaweza kuua mtu. Ni rahisi kujua chanzo cha bidhaa inapotoka kwa wauzaji wachache wanaojulikana kuliko inapopitia mikono mingi.

Lakini upo upande wa pili. Anayemtegemea muuzaji mmoja hukwama muuzaji huyo akikwama, kama ilivyoonekana mwaka wa 2020 janga la korona lilipovuruga usafirishaji wa bidhaa. Bei iliyoanza kuwa nafuu inaweza kupanda baadaye washindani wakishafunga maduka. Tena, fundi aliye kilomita chache kutoka mtamboni hufika haraka kuliko kampuni iliyo mbali pampu inapoharibika usiku wa manane.

Sheria inasema nini?

Kwanza, tofautisha wanunuzi. Taasisi za umma hufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka wa 2015. Kampuni binafsi za umeme hujiwekea taratibu zao. Kwa upande wa uchimbaji madini, Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inamtaka mwenye leseni kutoa kipaumbele kwa bidhaa zinazotengenezwa Kenya, huduma za wanajamii na biashara zinazomilikiwa na Wakenya.

Kwa wanunuzi wa umma, asilimia 30 ya ununuzi hutengewa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO. Taasisi ya umma ikitaka mkataba wa muda mrefu ambao bidhaa zitaagizwa kidogo kidogo kadiri zinavyohitajika, sheria inaweka kikomo cha miaka mitatu na kutaka wauzaji wasiopungua saba kwa kila aina ya bidhaa. Kwa maneno mengine, kupunguza wauzaji kunaruhusiwa, lakini kuna mpaka.

Mzabuni anayeona amekosewa ana siku 14 tangu apokee matokeo kupeleka malalamiko yake kwa Bodi ya Rufaa ya Ununuzi wa Umma. Siku hizo zikipita, mlango unafungwa.

Hatua za kuchukua

Hakikisha stakabadhi ziko sawa kabla ya tangazo la zabuni kutoka. Cheti cha ulipaji ushuru cha KRA, leseni ya biashara na cheti cha AGPO kwa wanaostahili vinapaswa kuwa havijapitwa na muda. Wengi huondolewa katika hatua ya kwanza kwa sababu ya karatasi moja, kabla bei yao haijasomwa.

Chagua jambo moja na ulimudu. Muuzaji wa kila kitu ni rahisi kubadilishwa. Fundi anayejulikana kwa kukarabati pampu au kuchomelea mabomba kwa viwango vinavyotakiwa hutafutwa hata na yule aliyeshinda mkataba mkubwa.

Unganeni. Sheria inaruhusu biashara kadhaa kuwasilisha zabuni moja kwa ubia. Watu watatu ambao kila mmoja hawezi kujaza oda peke yake wanaweza kuijaza pamoja. Andikeni mapema nani ataleta nini, nani atatia sahihi na fedha zitagawanywaje.

Ukifanya kazi chini ya mshindi wa zabuni, kuwa mwangalifu zaidi. Mnunuzi humlipa mshindi, naye ndiye hukulipa wewe. Usipeleke mali kwa ahadi ya mdomo. Dai oda iliyoandikwa, yenye kiasi, bei na siku ya malipo, na uhakikishe hati ya kupokea mali imetiwa sahihi. Kuna waliochukua mikopo wakitarajia malipo ya mwezi mmoja, wakaishia kusubiri miezi mingi huku riba ikipanda.

Aliye na oda lakini hana mtaji anaweza kuuliza kuhusu mikopo ya kugharamia oda katika Hazina ya Ustawi wa Vijana au Hazina ya Wanawake.

Wafanyabiashara wanaohitaji maelezo zaidi kuhusu leseni na usajili wa vikundi wafike katika afisi ya biashara ya kaunti iliyo karibu nao. Ni vyema kuuliza sasa, kabla zabuni nyingine haijatangazwa.