Karatasi Nyuma ya Mifupa: Kuongoza Maktaba ya Makumbusho ya Elimu Viumbe

Makumbusho ya elimu viumbe, yaani yale yanayohifadhi na kuchunguza wanyama, mimea, madini na mabaki ya viumbe wa kale, hufahamika kwa wageni wengi kwa sababu ya mifupa ya dinosaria na ndege waliokaushwa, na ni wachache wanaojua kwamba nyuma ya kumbi hizo mara nyingi huwapo maktaba ya utafiti ambayo kwa wanasayansi wa jengo hilo ni kifaa cha kazi sawa na hadubini. Katika chuo cha udaktari kitabu cha miaka 20 iliyopita kinaweza kuondolewa rafuni bila mtu kulalamika, lakini hapa kitabu cha mwaka 1758 bado kimo kazini, na anayeongoza maktaba ya namna hii asipoielewa tofauti hiyo ataiharibu huku akidhani anaipanga.

Sababu imo katika kanuni za kuwapa viumbe majina ya kisayansi. Wataalamu wa wanyama walikubaliana kwamba hesabu ya majina ianzie toleo la kumi, la 1758, la kitabu *Systema Naturae* cha Carl Linnaeus, Mswidi aliyeuweka utaratibu wa kila kiumbe kuitwa kwa majina mawili, na kwamba pale ambapo spishi moja imepewa majina zaidi ya moja, kwa kawaida lililochapishwa mapema ndilo linaloshinda. Kwa hiyo mtafiti anayedhani kwamba mende aliyemkuta katika milima ya Uluguru ni mgeni kwa sayansi hana budi kwanza kupekua maandishi ya zaidi ya karne mbili na nusu, yawe ya Kilatini, Kijerumani au Kifaransa, ili ahakikishe kwamba hakuna aliyemtangulia. Lazima pia afike kwenye kielelezo msingi, yaani yule mnyama mmoja aliyehifadhiwa ambaye jina la spishi limefungamanishwa naye, na akifika huko atakuta kando yake kibandiko kidogo chenye namba, mahali na tarehe, kwa kuwa mengine yote yaliandikwa katika daftari la safari la mkusanyaji.

Suala la tarehe lina ugumu ambao mtu wa nje hawezi kuubuni. Vitabu vingi vikubwa vya karne ya 19 havikutoka kwa mkupuo mmoja, bali vilitolewa sehemu kwa sehemu kwa miaka kadhaa, kila sehemu ikiwa ndani ya kava la karatasi nyepesi lililochapishwa tarehe yake. Sehemu zote zilipokwisha kutoka, mwenye kitabu alimpelekea mjalidi, naye aliyang'oa makava hayo na kuyatupa, akashona kurasa ndani ya jalada la ngozi lenye ukurasa wa mbele unaotaja mwaka mmoja tu, na mara nyingi mwaka huo si ule ambao jina la mnyama lilichapishwa. Charles Davies Sherborn, aliyefanya kazi yake katika makumbusho ya elimu viumbe ya London, alitumia zaidi ya miaka 40 kuorodhesha majina ya wanyama yaliyochapishwa kati ya 1758 na 1850, na sehemu kubwa ya jasho lake ilikwenda katika kutafuta tarehe hizo, kwa sababu ugomvi kati ya majina mawili huweza kuamuliwa kwa tofauti ya miezi michache. Ndiyo maana nakala mbili ambazo mhasibu huziona kuwa pacha, na kuuliza kwa nini moja isiuzwe, huenda si pacha hata kidogo, maana moja yaweza kuwa bado ina makava yake. Uwezo wa kulieleza jambo hilo mbele ya wenye fedha, tena kwa lugha wanayoielewa, pengine ndio sifa ya kwanza ya kiongozi wa maktaba hii, na shahada ya ukutubi peke yake haimpi mtu uwezo huo.

Mfano ulio wazi ni maktaba ya makumbusho ya elimu viumbe ya New York, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1869, ambayo tangu 2023 ina chumba kipya cha kusomea katika jengo la Gilder. Mbali na vitabu na majarida, maktaba hiyo inatunza picha, filamu na nyaraka za misafara, zikiwamo za msafara wa Kongo wa 1909 hadi 1915, ambapo Herbert Lang na James Chapin walizunguka kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo na kurudi na maelfu ya vielelezo na picha, mizigo iliyobebwa kwanza na wapagazi wa Kiafrika ambao mchango wao umetajwa kwa uchache mno. Mwaka 1913, huko Avakubi katika bonde la Ituri, Chapin alipata unyoya uliokuwa umepamba kofia ya mwenyeji mmoja, akashindwa kuuhusisha na ndege yeyote anayejulikana, akauhifadhi. Ilimchukua hadi 1936, katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, kukuta ndege wawili waliokaushwa na kuwekwa kando, wakiwa na kibandiko kinachosema kuwa ni tausi wachanga wa Kihindi, na hapo akatambua kwamba unyoya wake ulitoka kwa ndege wa namna hiyo, tausi wa Kongo, aliyempa jina *Afropavo congensis*. Ndege walikuwapo muda wote, ila maneno yaliyoandikwa juu yao yaliwaficha.

Kutokana na hayo inaeleweka kwa nini mkutubi mkuu huhangaika kuunganisha namba ya kielelezo, ukurasa wa daftari, picha na makala iliyochapishwa, ingawa vitu hivyo kwa kawaida hukaa katika idara tofauti ambazo kila moja huviona kuwa mali yake. Hana amri juu ya wataalamu wa ndege au wa samaki, na daftari ambalo limekaa miaka 80 katika kabati la idara haliji maktaba kwa barua rasmi, bali kwa mazoea, kuaminiana na ahadi kwamba litapatikana siku hiyohiyo likihitajika. Kazi nyingine, kama vile kudhibiti unyevu, kuzuia wadudu wanaohama kutoka ngozi za wanyama kwenda kwenye majalada, na kuokoa karatasi za karne ya 19 ambazo asidi iliyomo ndani yake huzifanya zivunjike, zina wataalamu wake, na kiongozi hutakiwa zaidi kuzitafutia fedha.

Mwaka 2006 maktaba kadhaa za Marekani na Uingereza, hii ya New York ikiwamo, ziliungana kuanzisha Maktaba ya Urithi wa Bioanuwai, ambayo imeweka kwenye intaneti mamilioni ya kurasa zinazosomwa bila malipo. Kwa mtafiti wa Nairobi, ambako Makumbusho ya Taifa ya Kenya na chama cha elimu viumbe kilichoundwa mwaka 1909 vina maktaba moja ya pamoja, au kwa mwenzake wa Kinshasa, hatua hiyo ilipunguza safari ya ndege na barua za kuomba ruhusa. Hata hivyo haikumpunguzia mkutubi mkuu mzigo, maana tangu 2012 jina jipya la mnyama linaweza kukubalika hata likichapishwa kielektroniki pekee, mradi chapisho lisajiliwe katika daftari rasmi la majina, na faili, tofauti na kitabu, halisubiri karne nzima rafuni likiwa halijaguswa, bali huhitaji kuhamishwa na kukaguliwa kila mara teknolojia inapobadilika.

Kuna pia maamuzi yasiyohusu wanyama kabisa. Picha za Lang zinaonyesha watu wengi, baadhi wakitajwa kwa majina, kama Okondo, mfalme wa Wamangbetu, na wengine wengi kwa kabila tu, kwa maneno ya zama za ukoloni ambayo leo yanakera. Kuyafuta kungepoteza ushahidi wa namna wapigapicha walivyowatazama waliopigwa picha, na kuyaacha peke yake ni kuyarudia, kwa hiyo njia inayofaa ni kuyahifadhi kama yalivyo na kuweka kando yake maelezo mapya yaliyoandaliwa pamoja na watu wa sehemu hizo. Maelezo ya picha hizo huko New York yameandikwa kwa Kiingereza, ilhali wajukuu wa watu hao huzungumza Kimangbetu, Kilingala na Kiswahili, na kama maelezo hayo yataandikwa kwa lugha hizo au la ni suala la bajeti ambalo kwa kawaida humwangukia mkutubi mkuu.