Kiti cha meno kimefika, fundi yuko wapi?

Jino la mtu wa kijijini huanza kutibiwa jikoni. Kwanza karafuu, halafu kusukutua kwa maji ya moto yenye chumvi, halafu vidonge vya dukani, mpaka shavu livimbe na usingizi ugome. Hapo ndipo familia inapotafuta nauli ya bodaboda na basi kwenda hospitali ya wilaya. Mgonjwa akifika, jino lililokuwa na kitundu kidogo mwaka juzi limeshaoza hadi ndani, na kilichobaki ni sindano ya ganzi na koleo. Kwa Watanzania wengi wa vijijini, kwenda kwa daktari wa meno na kung'oa jino ni safari moja.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa. Kwa kanda yake ya Afrika, shirika hilo limehesabu madaktari wa meno 3.3 tu kwa kila watu 100,000, yaani kama sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Na hao wachache wengi wao wako mijini, walipo wagonjwa wenye bima na umeme usiokatika ovyo.

Basi pesa zikipatikana, ziwe za serikali, za mbunge au za mfadhili, mara nyingi hununua kiti. Kiti cha meno kinapendeza siku ya makabidhiano: utepe unakatwa, mgeni rasmi anakikalia, wapiga picha wanapata kazi. Lakini kiti hicho hakifanyi kazi peke yake. Kinataka umeme wa uhakika, kompresa ya hewa, maji yenye presha, mashine ya kunyonya mate na fundi anayejua kukifungua. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, kiti cha mamilioni kinabaki kuwa mahali pa kukalia tu.

Cha kushangaza ni kwamba jibu la tatizo hili lilianzia hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, daktari Mholanzi Jo Frencken, akifanya kazi na kitivo cha meno cha Dar es Salaam, alikutana na ugumu huo huo: vifaa vinavyoitwa vya kubebeka, lakini vizito na visivyo na umeme wa kuviendesha huko vijijini. Yeye na wenzake wakaamua kuachana na mashine ya kutobolea. Sehemu laini iliyooza inakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, jino linakaushwa kwa pamba, kisha tundu linazibwa kwa saruji maalumu inayoshika kwenye jino lenyewe. Kwa kawaida sindano ya ganzi haihitajiki, kwa sababu kinachoondolewa ni sehemu iliyokwisha kufa. Mgonjwa anaweza kulala juu ya meza ya darasa, na kazi ikafanyika kwa mwanga wa dirishani.

Njia hiyo, inayojulikana duniani kwa kifupi cha ART, ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 WHO ikaitangaza kwa dunia nzima. Saruji inayotumika siku hizi, glasi ayonoma, ni unga na kimiminika vinavyochanganywa papo hapo, vikasukumwa tunduni na kukandamizwa kwa kidole chenye glavu. Ikishakauka huendelea kutoa floridi kidogo kidogo na kulilinda jino. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa mazibo madogo ya namna hii kwenye meno ya ukubwani, yale ya upande mmoja wa jino, yanabaki salama kwa takribani asilimia 80 baada ya miaka mitano. Mazibo makubwa, hasa ya meno ya utotoni, hayadumu hivyo, na si haki kumficha mzazi jambo hilo.

Sasa mbona mwanakijiji wa leo bado anang'olewa? Watafiti wakiongozwa na Emil Kikwilu wa Muhimbili walifuatilia kliniki za serikali ambazo wahudumu wake walifundishwa njia hii, na matokeo yakatoka mwaka 2009. Mazibo yaliongezeka, lakini kung'oa kuliendelea kutawala. Sehemu ya sababu iko kwa wagonjwa wenyewe: mtu aliyekuja na maumivu ya wiki nzima hataki kusikia habari ya kuziba, anataka jino litoke. Sababu nyingine, ile ambayo pesa inaweza kuiondoa, ni kwamba saruji huisha na vifaa vya mkono hupungua. Mhudumu mwenye ujuzi asiye na saruji hana la kufanya ila kurudi kwenye koleo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wafadhili wengi. Wao wanapenda kununua kinachodumu, chenye namba ya usajili na kibandiko cha jina lao. Jino linaokolewa na vitu vinavyokwisha: unga wa saruji, pamba, glavu, dawa ya kupaka.

Dawa ya kupaka ninayoisema ni floridi ya fedha, kimiminika kinachosimamisha uozo bila kukwangua chochote. Tone moja linatosha meno kadhaa. Wajapani wameitumia kwa miongo mingi, na Marekani iliiruhusu mwaka 2014, ikiwa dawa ya kutuliza meno yanayouma yakipata baridi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha New York katika shule za msingi za jiji hilo ulionyesha kuwa inafanya kazi sawasawa na njia iliyozoeleka ya kuziba mifereji ya meno, na kwamba wauguzi wa shule wanaipaka vizuri kama wataalamu wa meno. Ina aibu yake: sehemu iliyooza inageuka nyeusi tii. Mama atakayeona jino la mbele la mwanawe limekuwa jeusi bila kuambiwa mapema atagomba, na atakuwa na haki. Mwaka 2021 WHO iliingiza dawa hii, pamoja na saruji ya glasi ayonoma na dawa ya meno yenye floridi, kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Na mikono ya kuvitumia ipo. Shirika la Uingereza la Bridge2Aid, lililoanzia kazi zake Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, liliwafundisha matabibu wa vituo vya vijijini kung'oa meno kwa usalama, na vifaa vyao vikachemshwa kwenye sufuria ya presha pale pasipo na umeme. Sufuria hiyo ni teknolojia pia, tena fundi wake yupo kila gulio. Tabibu aliyeweza kujifunza kung'oa hashindwi kujifunza kuziba na kupaka.

Simu nayo ina nafasi yake. Picha ya mdomo iliyopigwa zahanati na kutumwa kwa daktari mkoani inaweza kumwokolea mgonjwa nauli ya safari isiyo ya lazima, au kumwahisha yule mwenye kidonda kinachotia shaka. Programu za akili mnemba zinazosoma picha hizo zinakuja kwa kasi. Ila picha itakayomwambia tabibu kuwa jino lina tundu, huku kabatini hakuna saruji, haimsaidii mgonjwa.

Na kuna mahali ambapo teknolojia ya meno haiko kwenye kliniki kabisa. Arusha na maeneo jirani, floridi iliyozidi majini imewapa watoto meno ya kahawia kwa vizazi. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu na mhandisi wa Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha, alitengeneza kichujio cha mchanga chenye chembechembe ndogo mno zinazonasa floridi hiyo. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya uhandisi kwa Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Fedha hizo si nyingi, lakini zilituza kitu kinachozuia ugonjwa kabla haujafika kwa daktari.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha matumizi ya saruji ya glasi ayonoma. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana Novemba 2025 kuachana na mazibo ya zebaki ifikapo 2034. Anayepanga kliniki mpya leo akiyategemea hayo, anajenga juu ya kitu kinachoondoka.

Na pesa za saruji na dawa hizo haziko mbali. Soda hufika kila kijiji, hata kule gari la dawa linakokwama, na kila chupa hulipiwa ushuru wa bidhaa. Sehemu ndogo ya ushuru huo ingetosha kuanzisha kasma ya vifaa vya meno vya zahanati. Madiwani wanapokaa kupitisha bajeti ya halmashauri, wamwulize mganga mkuu maswali mawili kabla ya kuuliza habari ya kiti kipya: saruji ya kuzibia iliisha lini, na nani ameagiza nyingine?