Chuo kikifungwa, alama zinahesabiwaje?

Tarehe 18 Machi 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Serikali ya Tanzania ilifunga vyuo vikuu. Wengi waliacha madaftari hosteli wakiamini watarudi baada ya wiki chache. Walirudi Juni 1. Zilikuwa zimepita siku 75, na kila mwalimu aliyewahi kukaa kwenye bodi ya mitihani alijua kwamba siku hizo zitadaiwa.

Deni lenyewe lina hesabu yake. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kuanzia darasani na maabara hadi kujisomea na kufanya mtihani. Shahada ya miaka mitatu inahitaji krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, sawa na saa 1,200. Janga likila wiki kumi za muhula, saa zile bado zimeandikwa kwenye mtaala. Chuo kitazilipa kwa kusogeza almanaka, au kitabadilisha namna ya kupima kilichofundishwa.

Vyuo vingi vya Marekani vilibadilisha kipimo. Masomo yalihamia mtandaoni na muhula ukaisha karibu na wakati wake, lakini Harvard iliweka kando herufi za kawaida, matokeo yakawa ama ya kuridhisha ama ya kutoridhisha, yakiwa na alama ya kuonyesha kwamba yalitolewa wakati wa dharura. Chuo cha Yale nacho kikaandika kufaulu au kufeli tu. Sababu ilikuwa ya haki: kijana mwenye chumba chake na intaneti ya kasi asipimwe kwa rula moja na mwenzake anayesomea kwenye meza ya chakula huku akilea wadogo zake.

Naiheshimu sababu hiyo. Hata hivyo, iingize kwenye hesabu zetu uone inavyomfanya mtu. Chukua mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyemaliza mihula mitano akiwa na krediti 300 na GPA ya 3.7. Anatamani kubaki chuoni kufundisha, na kiwango cha TCU cha kuajiriwa mkufunzi msaidizi ni 3.8. Krediti 60 za muhula wa mwisho zikiwa na wastani wa 4.3, anafika. Akiandikiwa “amefaulu” tu, krediti zinahesabika lakini pointi hazipo, na GPA yake inaganda pale pale kwenye 3.7. Amefaulu kila somo, na mlango umefungwa.

Uingereza ilitafuta njia ya katikati. Vyuo vingi viliahidi kwamba wastani wa mwanafunzi hautashuka chini ya ule aliokuwa nao kabla ya janga. Mitihani ya mtandaoni ingeweza kumpandisha, si kumshusha. Kwa mwanafunzi mmoja mmoja sijaona kanuni yenye huruma kuliko hiyo. Gharama yake ilionekana kwenye jumla: waliopata daraja la kwanza waliongezeka kutoka asilimia 28 mwaka wa masomo 2018/19 hadi asilimia 35 mwaka uliofuata. Aliyepata daraja hilo kwa jasho lake anabeba shaka ya mwajiri, naye hakuwa na hatia yoyote.

Sisi tulisogeza muda. Madaraja hayakuguswa: A ikabaki na pointi tano, B+ nne, B tatu. Vyuo vilipanga upya almanaka, wanafunzi wakarudi madarasani. Naamini ulikuwa uamuzi sahihi kwa nchi ambayo mwanafunzi wa Kasulu au Mbinga angelazimika kupanda mlima kutafuta mtandao na kununua bando kwa hela ya chakula. Mtihani wa mtandaoni ungempima mfuko kabla ya kumpima akili.

Lakini muda nao una bei. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya wenye mkopo, huhesabiwa kwa siku, na wakati ule fedha ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500. Ukiongeza wiki mbili tu kwenye muhula, kila mnufaika anahitaji shilingi 119,000 zaidi, iwe kutoka Bodi ya Mikopo au kwa mzazi aliyekwisha kuuza mahindi yake. Usipoongeza wiki, unabana: vipindi vya Jumamosi, mafunzo kwa vitendo yaliyokatwa, wiki ya kujisomea iliyomezwa. Saa 1,200 zinabaki kwenye karatasi, kichwani hazimo. Almanaka ya chuo pia haitembei peke yake. Kidato cha Sita, ambao kwa kawaida hufanya mtihani Mei, mwaka ule walianza Juni 29 na kumaliza Julai 16, kwa hiyo udahili ukasogea na mwaka mpya wa masomo nao ukasogea. Uganda walirudisha kwanza wanafunzi wa mwaka wa mwisho, Oktoba 15, wengine wakaendelea kusubiri nyumbani.

Kinachonisumbua zaidi leo ni janga dogo, lile lisilofunga nchi. Marburg ilitangazwa Kagera Machi 2023, ikaua watu sita, kisha ikarudi mkoani humo Januari 2025. Aliyegusana na mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21. Wiki tatu hizo zinaweza kumeza kipindi chote cha mitihani. Chuo kiko wazi, wenzake wanaandika, yeye yuko karantini.

Katika vyuo vyetu vingi, aliyeumwa huahirisha na kufanya mtihani maalumu, na alama anayopata ni yake yote. Asiye na sababu inayokubalika hufungiwa njia hiyo; hata akiruhusiwa sapu, yaani mtihani wa marudio, akipata 85 ataandikiwa C. Tofauti ya njia hizi mbili huamuliwa na cheti cha daktari, na hapo ndipo penye tundu: aliye karantini haumwi. Hana homa, hana dawa, hana faili wodini. Kanuni inayodai uthibitisho wa ugonjwa haimjui, na anaweza kuadhibiwa kwa kutii amri iliyowalinda wenzake.

Tundu hilo linazibwa kwa sentensi moja kwenye kanuni za mitihani, ikipitishwa na seneti mapema, kabla mgonjwa wa kwanza hajatangazwa: barua ya mganga mkuu wa wilaya, inayotaja tarehe mtu alipoingia karantini na alipotoka, ipokewe sawasawa na cheti cha ugonjwa.