Mtoto asiyeshika mdundo: Usimwite mkaidi

UKISIMAMA kando ya msururu wa malori pale Malaba, au ukizunguka sokoni Busia, masikio yako hufanya kazi kubwa bila wewe kujua. Utingo anaita kwa Kiswahili, muuza samaki anajibu kwa Kisamia, wabeba mizigo wanataniana kwa Kiteso, na mteja aliyevuka kutoka Uganda anauliza bei kwa Kiganda. Katika kelele zote hizo, mtu hung'amua nani ameuliza, nani ameamuru na nani anafanya mzaha.

Hung'amuaje? Wataalamu wanasema si kwa maneno peke yake. Sikio hufuata pia kupanda na kushuka kwa sauti, urefu wa silabi na mkazo wake.

Chukua neno "barabara". Ukikaza silabi ya pili kutoka mwisho, unataja njia ya magari. Ukikaza ya tatu kutoka mwisho, unasema jambo limefanywa sawasawa. Nalo neno "umekula" huwa taarifa au swali kutegemea sauti inavyokwenda.

Katika lugha za mpakani mambo ni mazito zaidi. Kimarachi kinachozungumzwa Butula, pamoja na Kiteso cha Malaba na Amagoro, ni lugha za toni. Katika Kimarachi, toni ya kitenzi hubadilika kufuatana na wakati unaozungumziwa. Mtoto wa Busia anayetoka nyumbani kwenda shuleni hubadilisha maneno, na pia namna ya kusikiliza.

Ngoma na lugha

Je, haya yanahusianaje na muziki? Mazungumzo yana mdundo wake, takriban silabi nne au tano kwa sekunde. Ubongo hushika mwanzo wa kila silabi, pale sauti inapopanda ghafla, kama vile mchezaji anavyoshika pigo la ngoma.

Mwaka 2002, Usha Goswami na wenzake nchini Uingereza walieleza kwamba watoto wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu, walipata shida kutambua mapigo hayo ya sauti. Mwaka 2015, Reyna Gordon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, waliwapima watoto wa miaka sita. Waliotofautisha vyema midundo miwili ndio pia waliotumia sarufi vizuri zaidi katika mazungumzo.

Kuhusu toni, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba ubongo wa wanamuziki hunakili toni za Kichina kwa usahihi kuliko wa wasio wanamuziki.

Hata hivyo, msomaji, usikimbilie kununua ngoma ukidhani umepata dawa. Mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limesababisha jingine. Kuna watu wengi wasioweza kucheza ngoma ambao huzungumza na kusoma bila tatizo lolote. Udhaifu wa mdundo ni ishara ya kumwangalia mtoto kwa makini, si ugonjwa.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, chunguza masikio. Mtoto anayeomba urudie maneno kila mara, anayeongeza sauti ya redio, au anayetokwa na usaha sikioni apelekwe hospitalini. Maambukizi ya sikio ni chanzo kikubwa cha upungufu wa kusikia kwa watoto, na mengi hutibika. Usitie mafuta wala kijiti sikioni.

Pili, mtoto aliyefika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili katika lugha yoyote ya nyumbani apimwe. Usisingizie wingi wa lugha: watoto wa mpakani hukua na lugha mbili au tatu bila kudhurika.

Tatu, cheza naye. Piga makofi kwa kila silabi ya jina lake. Mwimbie nyimbo za lugha ya mama. Akiiga mdundo wa ngoma au wa akogo ya Waiteso, anafunza sikio lake kusubiri pigo linalofuata. Hata kama haitamponya, haina gharama wala madhara.

Mwalimu naye, kabla ya kumwadhibu mtoto "asiyesikia", ajiulize kama kweli anasikia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.