Mahakama Iko Arusha, Saa Ilitegwa Nairobi

Kenya nzima iliwajua kama "watatu wa Kitengela": mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili waliotoweka Agosti 19, 2024, joto la maandamano ya kuipinga serikali likiwa bado halijapoa. Polisi walisema hawajui waliko. Jaji Lawrence Mugambi hakuridhika na jibu hilo. Alimwita kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, aje kueleza. Alipokaidi wito mara kadhaa, Septemba 13 akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, akimpa siku saba za kujitokeza. Septemba 20 watatu hao walikuwa huru, baada ya siku 32.

Mwaka uliofuata Njagi alitoweka tena, safari hii ugenini. Oktoba 1, 2025 yeye na Nicholas Oyoo walinyakuliwa na watu wenye silaha mjini Kampala, walikokwenda kuunga mkono kampeni za mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine. Kortini, upande wa serikali ya Uganda ulikana kuwashikilia. Siku 38 baadaye walirudishwa Kenya kupitia Busia, na Rais Museveni mwenyewe akatamka hewani kwamba walikuwa wamewekwa "kwenye friji". Korti iliambiwa hawapo. Wasikilizaji wakaambiwa walikuwepo.

Barabara kuu inayokata Kitengela huteremka Kajiado, ikavuka mpaka Namanga hadi Arusha, makao ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mtu aliyeteswa katika nchi jirani anaweza kupeleka shauri huko, lakini atapitia mlango wa uani. Ibara ya 27(2) ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inasema mamlaka juu ya haki za binadamu yatakuja kwa itifaki maalumu. Mkataba ulitiwa saini Novemba 30, 1999. Itifaki hiyo bado inasubiriwa. Ukakamavu wa majaji ndio uliofungua njia. Katika shauri la Katabazi mwaka 2007, baada ya askari wa Uganda kuzingira Mahakama Kuu ya Kampala na kuwakamata upya washtakiwa waliokwisha kupewa dhamana, majaji walisema hawataacha kazi yao ya kutafsiri Mkataba eti kwa kuwa malalamiko yanagusa haki za binadamu. Tangu hapo mawakili huegemea Ibara ya 6(d), inayozifunga nchi wanachama kwa utawala wa sheria.

Ukiukaji mwingine huvaa joho la sheria kabisa. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inaipa nchi haki ya kumzuia raia wa nchi mwanachama kwa sababu za usalama, afya au sera ya umma. Haki hiyo ni halali; kasoro huanza inapotumiwa kumnyamazisha mtu. Wakili Mkenya Samuel Mohochi alizuiwa Entebbe Aprili 2011 na kurudishwa kwao bila kupewa sababu. Mei 2013 mahakama ya Arusha iliamua kwamba Uganda imevunja Mkataba. Hata hivyo, Mei 2025 mwanasiasa wa Kenya Martha Karua na Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga walizuiwa kuingia Tanzania, walikokwenda kufuatilia kesi ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu.

Wakenya wanaolaumu Kampala na Dodoma wana deni lao pia. Novemba 2006 mahakama hiyo ilizuia wabunge waliopendekezwa na Kenya kuapishwa katika Bunge la Afrika Mashariki, katika shauri la Anyang' Nyong'o. Nairobi ilikasirika, na kabla Desemba haijaisha wakuu wa nchi walikuwa wamekubali kuubadili Mkataba. Miongoni mwa mabadiliko hayo ni sharti kwamba mtu afungue shauri ndani ya miezi miwili tangu kitendo anacholalamikia. Shauri kuhusu mateso ya Mlima Elgon nchini Kenya lilifia hapo mwaka 2012, Kitengo cha Rufaa kilipoamua kwamba limechelewa.

Mtu aliyefichwa siku 38 hubaki na takriban wiki tatu za kupona, kutafuta wakili na kukusanya ushahidi ulio mikononi mwa waliomteka. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana juu ya muungano wa mpito kuelekea shirikisho la kisiasa, na wataalamu wakapewa kazi ya kuandaa katiba yake. Sharti la miezi miwili halikuguswa.