Kitendawili Kisicho na Mtegaji: Hazina ya Haramia La Buse na Msomaji wa Bara

Utangulizi

Msomaji aliyelelewa Kisii au Nyamira aghalabu huiona bahari kitabuni kabla ya kuiona kwa macho yake. Bahari hiyo ya kitabuni huja na merikebu, maharamia na sanduku lililofukiwa mchangani. Riwaya ya Robert Louis Stevenson kuhusu hazina ya maharamia, iliyotoka kama kitabu mwaka 1883, ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1929 kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Mwaka huohuo ilitoka tafsiri nyingine ya Johnson, Mashimo ya Mfalme Sulemani. Yaani riwaya mbili miongoni mwa zile za mwanzo kabisa kutiwa mikononi mwa wanafunzi wa Afrika Mashariki zilimfunza msomaji jambo lilelile: kwamba mali imefichwa mahali fulani, na kwamba ipo karatasi inayoonyesha njia ya kuifikia.

Makala haya yanachunguza kisa cha kweli cha watu walioiamini karatasi ya namna hiyo. Kisa chenyewe kilitokea katika bahari yetu hii ya Hindi, na swali lake kubwa linamhusu mhakiki wa fasihi kuliko mchimbaji.

Haramia na maandishi yake

Olivier Levasseur alikuwa haramia Mfaransa aliyejulikana kwa lakabu ya La Buse, jina la ndege wa jamii ya mwewe. Mnamo Aprili 1721, yeye na haramia mwenzake, Mwingereza John Taylor, waliiteka merikebu ya Kireno Nossa Senhora do Cabo katika bandari ya kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion. Merikebu hiyo ilikuwa imevunjwa milingoti na dhoruba, hivyo haikuweza kujitetea. Ilikuwa imembeba aliyekuwa makamu wa mfalme wa Ureno huko Goa, pamoja na almasi na mali nyingine nyingi. La Buse aliponea chupuchupu kwa miaka kadhaa, hatimaye akakamatwa na kunyongwa Bourbon tarehe 7 Julai 1730.

Hapa ndipo masimulizi yanapoanza kuipita historia. Inasemwa kwamba, alipokuwa amesimama penye kitanzi, alirusha maandishi ya siri kwa umati na kutangaza kuwa hazina yake ni ya yule atakayeweza kuyaelewa. Ni tukio zuri mno kwa mwandishi wa tamthilia. Hata hivyo, maandishi yenyewe, mistari 17 ya alama zilizochorwa badala ya herufi, yalipata kujulikana kwa wasomaji mwaka 1934, Charles de La Roncière alipoyachapisha Paris katika kitabu chake kuhusu haramia huyo. Kati ya kitanzi na kitabu pana miaka 204. Katika pengo hilo Edgar Allan Poe alikuwa amekwisha kuandika hadithi yake ya mwaka 1843 kuhusu hazina ya haramia Kidd inayopatikana kwa kufumbua maandishi ya siri, naye Stevenson alikuwa amekwisha kuchora ramani yake. Mhakiki anayezingatia mwingilianomatini hawezi kulipita jambo hili bila kusita.

Alama hizo zinapogeuzwa kuwa herufi, hutoa Kifaransa kilichovurugika kinachotaja jozi ya njiwa na kijiko cha asali. Wapo waliosoma humo maagizo ya mganga. Wengine wamesoma ramani.

Miaka 28 ya kusoma

Aliyesoma ramani kwa bidii kuliko wote ni Reginald Cruise-Wilkins, Mwingereza aliyefika Seychelles kutoka Kenya mwaka 1949. Huko Bel Ombre, pwani ya kisiwa cha Mahé, mwenye shamba mmoja alikuwa ameona michongo kwenye miamba ya ufukweni katika miaka ya 1920. Cruise-Wilkins aliiunganisha michongo hiyo na maandishi ya La Buse, akashikilia kwamba ufunguo wake ni zile kazi kumi na mbili za shujaa Hercules katika visasili vya Wagiriki. Kila jiwe lililofanana na umbo fulani likawa hatua moja ya mtihani. Alijenga kuta za kuzuia maji ya bahari, akachimba, akapiga pampu, bahari ikirudi akaanza upya. Alifariki mwaka 1977 bila kuigusa hazina. Mwanawe, John, mwalimu wa historia, aliirithi kazi hiyo.

Ni rahisi kumcheka mtu huyu, lakini kumcheka si haki. Alikuwa msomaji makini aliyeanza na dhana moja ambayo hakuihoji, nayo ni kwamba matini ina mtunzi mmoja anayejulikana na maana moja iliyokusudiwa. Mwanafunzi wa fasihi anayelazimisha kila taswira ya shairi iingie katika tafsiri aliyokwisha kuamua hufanya kosa lilelile, ila yeye hapotezi miaka 28 wala fedha za pampu.

Aidha, fumbo hili lina kasoro ambayo mlezi yeyote wa watoto jioni angeitambua. Katika utegaji wa vitendawili, anayetega yupo pale pale. Asiyejua jibu huambiwa "nipe mji", hutoa mji, na jibu hutolewa mbele ya wote. Hata mafumbo ya mashairi ya Mombasa ya wakati wa Muyaka bin Haji yalitungwa kwa wasikilizaji waliojua muktadha wake, na mpinzani aliweza kujibu kwa shairi. Katika fumbo la Bel Ombre, mtegaji hayupo, na hata haijathibitika kwamba aliwahi kutega. Mtafutaji anaweza kutoa miji yote aliyo nayo. Hakuna wa kuipokea.

Mali huenda wapi?

Swali la kawaida zaidi halikuulizwa sana: je, palikuwa na kitu cha kufukia? Simulizi za kale za Kiingereza kuhusu maharamia, zilizochapishwa London mwaka 1724, zinaeleza kuwa baada ya utekaji wa 1721 mali iligawanywa, na kila mtu akapata almasi ndogo 42. Mmoja alipewa almasi moja kubwa badala ya zile ndogo. Alinung'unika sana, akaitwanga kinuni, akajisifu kuwa sasa amewazidi wenziwe kwa idadi. Iwe kisa hicho kimetiwa chumvi au la, desturi inayodhihirika humo ni ya kugawana na kutumia.

Kisii yenyewe ina kumbukumbu ya mali iliyotoweka. Mnamo Septemba 1914, majeshi ya Wajerumani yalipovuka mpaka na kuingia mji wa Kisii, maafisa wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuuhama. Baada ya mapigano ya tarehe 12 Septemba, na kabla ya utawala kurudi, wananchi waliingia mjini na katika misheni wakachukua walichokikuta. Serikali iliporejea iliwaadhibu kwa nguvu na kutwaa mifugo yao. Hapakuwa na ramani wala sanduku. Mali ilitawanyika nyumba kwa nyumba, nayo adhabu ikawafuata watu huko huko.

Hazina inayosomeka

Pwani ya Waswahili imewahi kutoa hazina ya kweli. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, wanaakiolojia walipata zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka ng'ambo. Zilifukiwa takriban karne ya 11, muda mrefu kabla ya La Buse kuzaliwa, na hazikumhusu haramia yeyote. Kwa kuwa waliozifukua waliandika kila tabaka la udongo zilimokuwa, ziliweza kueleza habari za biashara na utawala ambazo hakuna kitabu kilichokuwa kimezitaja. Mchimbaji wa usiku anayevunja kaburi la kale akitafuta dhahabu huifuta habari ya aina hiyo kwa jembe, hata kama atapata sarafu.

Sarafu za fedha zilifuliwa kwa majina ya watawala wa pwani hii, akiwemo Ali bin al-Hasan. Katika jadi ya sarafu hizo, inayoonekana pia katika zile za shaba za Kilwa, upande mmoja huwa na jina la mtawala na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu. Maandishi ya pande hizo mbili, ya Kiarabu, hukamilishana kwa vina.